Kujichunguza matiti: maswali ambayo kina mama wa Mombasa huniuliza kila mara

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa nikizunguka mitaani na kazi ya uhamasishaji wa afya: Kisauni, Likoni, Changamwe, Majengo. Machache niliulizwa barazani mbele za watu. Mengi niliulizwa pembeni, mtu akinivuta mkono baada ya wenziwe kuondoka. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee. Ikiwa tayari umegusa uvimbe, usianzie juu, nenda swali la 9.

Nimeandika "titi" kwa sababu ndilo neno la hospitali na la redio. Ukiwa Mji wa Kale na mtu akakwambia "ziwa langu lauma", ni kitu kilekile.

## Mambo ya msingi

1. Kujichunguza matiti ni kufanya nini hasa?

Ni kuyatazama matiti yako kwenye kioo na kuyapapasa kwa vidole, wewe mwenyewe, nyumbani, ili uyajue yalivyo siku za kawaida. Nawaambia wanawake wasijichunguze kwa nia ya kutafuta saratani. Anayetafuta saratani kila mwezi huingiwa na hofu, na mwezi wa tatu ameshaacha. Anayelijua titi lake hutambua siku limebadilika, kama unavyotambua chumvi imezidi kwenye mchuzi unaoupika kila wiki.

2. Je, ni kweli kujichunguza kunaokoa maisha?

Kwenye mabango ya Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti, jibu ni "ndiyo" fupi. Jibu la kweli ni refu kidogo, na nadhani mwanamke mzima anastahili kulisikia.

Kati ya 1989 na 1991, huko Shanghai, wanawake 266,064 waliofanya kazi viwanda vya nguo waliingizwa katika utafiti mkubwa. Kundi moja lilifundishwa kujichunguza kwa makini na kukumbushwa kwa miaka kadhaa. Kundi la pili halikufundishwa. Matokeo yalipotolewa 2002, waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 135 katika kundi lililofundishwa na 131 katika lile lingine. Kwa maneno mengine, mafunzo hayakupunguza vifo. Tena waliofundishwa walichukuliwa vinyama vya kupima mara nyingi zaidi kwa uvimbe ambao haukuwa saratani. Ndiyo maana mashirika ya saratani kama American Cancer Society la Marekani hayamwambii tena mwanamke asiye na hatari ya ziada ajichunguze kwa ratiba. Yanamwambia ayajue matiti yake na aripoti haraka anapoona badiliko.

Basi mbona naendelea kufundisha? Kwa sababu mwanamke wa Marekani mwenye miaka 50 ana mashine ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, inayomtafutia uvimbe mdogo ambao kidole hakiwezi kuupata. Wa Mtopanga, hapa Mombasa, hana mashine hiyo karibu, na uvimbe wake utaonekana kwa mkono, uwe wake au wa mumewe. Suala linabaki ni lini, na baada ya hapo atafanya nini. Wengi huku kwetu hufika hospitali saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani imeshaenea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nchi tajiri wanawake zaidi ya 90 kwa kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. India ni 66, Afrika Kusini 40. Ugonjwa ni uleule, tofauti kubwa ni wakati wa kugunduliwa na tiba inayofuata.

Kwa hiyo kupapasa peke yake hakumponyi mtu. Kunamfaa yule atakayefunga safari wiki ileile.

3. Nianze nikiwa na umri gani, na niache lini?

Anza miaka ya ishirini, si kwa sababu ya hatari kubwa bali ili uyazoee. Usiache. Wanawake wengi wa bara letu hupatwa kabla ya kufika miaka 50, kwa hiyo usingoje uitwe nyanya. Lakini hatari huzidi kadiri umri unavyosonga, na hapa ndipo tunapokosea: bibi wa miaka 70 hudhani mambo ya matiti yalimwisha alipokoma hedhi. Yeye ndiye ningependa ajipapase kuliko mjukuu wake.

4. Siku gani ya mwezi ni nzuri?

Siku ya saba hadi ya kumi kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Kabla ya hapo matiti huvimba na kuuma kwa sababu ya homoni, na utajishtua bure. Ukiwa mjamzito, umekoma hedhi, au hedhi yako haina mpango kwa sababu ya sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, chagua tarehe moja uishike. Kuna mama wa Bamburi aliyechagua siku anayolipa kodi ya nyumba. Anasema hiyo hawezi kuisahau hata akitaka.

## Namna ya kufanya

5. Nifanyeje, hatua kwa hatua?

Anza na macho. Simama mbele ya kioo cha kabati, mwanga wa kutosha, kifua wazi. Tazama mikono ikiwa imeshuka. Kisha inua yote miwili juu ya kichwa. Kisha shika kiuno ukibana kwa nguvu, kwa sababu msuli wa kifua ukikaza, ngozi inayovutwa na kitu kilicho ndani huonekana. Geuka kushoto, geuka kulia. Matiti makubwa yainue uone na chini yake.

Halafu lala chali. Kunja leso uiweke chini ya bega la kulia, mkono wa kulia uuweke nyuma ya kichwa. Titi likitandazika hivyo, kilichomo ndani hufikiwa kwa urahisi. Sasa tumia mkono wa kushoto. Usitumie ncha za vidole, tumia nyama laini ya vidole vitatu vya kati, ile unayotumia kugusa ujue kama nguo imekauka. Zungusha duara dogo, la ukubwa wa sarafu, mahali pamoja mara tatu: kwanza kwa wepesi ugundue kilicho chini ya ngozi, pili kwa kukaza kidogo, tatu kwa kukandamiza hadi uhisi mbavu. Ndipo usogee.

Sogea kwa mistari, juu hadi chini, chini hadi juu, kama mtu anayefagia ua bila kuruka sehemu. Eneo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: kutoka mtulinga (mfupa ulio chini ya shingo) hadi chini ya mstari wa sidiria, na kutoka katikati ya kifua hadi kwapani. Kwapa usiliache, maana nyama ya titi hufika huko na tezi ziko huko. Maliza, hamisha leso, fanya la kushoto.

Wengine hufanya bafuni mkono ukiwa na sabuni, kwa sababu vidole huteleza vizuri. Ni sawa, ila kioo usikiache. Kuminya chuchu kwa nguvu hakuhitajiki. Unachotaka kujua ni kama kuna majimaji yanayotoka yenyewe.

Mara ya kwanza itakuchukua robo saa na utachanganyikiwa. Mara ya tano utakuwa unaifahamu ramani.

6. Natafuta mabadiliko gani?

Uvimbe au sehemu iliyokuwa laini sasa ni ngumu. Ngozi iliyobonyea kama imevutwa na uzi kwa ndani. Ngozi iliyokuwa nyororo ikawa na vitundu kama ganda la chungwa. Chuchu iliyogeukia ndani juzi juzi (kama ilikuwa hivyo tangu usichana, hiyo ni yako). Majimaji yanayotoka titi moja bila kuminywa, hasa yenye damu. Upele au magamba kwenye chuchu yasiyopona kwa dawa ya kupaka. Uvimbe kwapani au juu ya mtulinga. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa ghafla.

Kuna moja zaidi, na picha nyingi za vipeperushi humpoteza mwanamke mweusi hapa. Vimeandikwa "wekundu", lakini ngozi yetu mara nyingi haiwi nyekundu. Huwa na weusi uliozidi, au zambarau iliyofifia, na joto ukiigusa kwa mgongo wa kiganja.

7. Titi langu moja ni kubwa kuliko jingine. Ni dalili?

Kama limekuwa hivyo siku zote, hapana. Wanawake wengi wako hivyo.

8. Matiti yangu yote yamejaa vinundu. Nitajuaje kipi kibaya?

Swali hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Matiti ya kawaida hayako laini kama unga. Yana vifundofundo, hasa upande wa juu karibu na kwapa, na kabla ya hedhi huzidi. Linganisha pande mbili: kama mahali palepale titi la pili lina hali ileile, hilo ni umbile lako. Kinachotakiwa kukustua ni kimoja kinachojitenga, kigumu kuliko jirani zake, ambacho bado kipo hedhi ikishapita. Ukishindwa kutofautisha, mwombe muuguzi wa zahanati akupapase mara moja akwambie "hii ni nyama yako", ndipo uanze kujifunza.

## Nimegusa kitu

9. Nimepata uvimbe usiku huu. Nifanye nini?

Lala. Kisha asubuhi au wiki hii, si mwezi ujao, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uvimbe mwingi wa titi si saratani: ni mafuta, ni kifuko cha maji, ni ile fibroadenoma inayotelezateleza chini ya kidole kama gololi, inayowapata sana wasichana. Lakini huwezi kujua kwa kuupapasa tu, na hata daktari hawezi kujua kwa kuupapasa tu.

Kama una miaka chini ya 30 na uvimbe umejitokeza siku chache kabla ya hedhi, unaweza kungoja hedhi ipite uangalie tena. Mara moja tu. Usianze mchezo wa kungoja mwezi baada ya mwezi.

Acha kuuminyaminya kila saa, na usimwite kila jirani aje aguse.

10. Hauumi hata kidogo. Si salama basi?

Kinyume chake. Saratani ya matiti mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, na maumivu peke yake, bila uvimbe, mara nyingi si saratani. Sisi tumezoea kwenda hospitali kwa sababu ya kuumwa, na mazoea hayo ndiyo yanayotuchelewesha. Uvimbe usiouma uogope kuliko unaouma, na wote wawili uupeleke.

11. Hospitali watanifanyia nini?

Vipimo vitatu, kwa mpango huu: kupapaswa, kupigwa picha, kuchukuliwa kinyama. Picha ya mwanamke kijana kwa kawaida huwa altrasaundi, kwa sababu titi la ujanani lina nyama iliyoshikana na mamogramu haioni vizuri ndani yake. Kuanzia miaka 40 mamogramu huingia. Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene baada ya kutiwa ganzi, kikapelekwa maabara. Hicho ndicho kinachosema ndiyo au hapana.

Kwa hapa Mombasa, njia ya kawaida ni kuanzia zahanati, ukapewa barua ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo kama Port Reitz, Tudor au Likoni, kisha Coast General, ambayo watu wazima bado wanaiita Makadara, na ndiko kuliko na kituo cha saratani cha eneo hili. Wenye uwezo huenda hospitali za binafsi moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti 2021 lilitaka mgonjwa awe ameshajua ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu alipofika mara ya kwanza. Ziandike tarehe zako kwenye daftari. Ukiona siku ya 40 bado unazungushwa, sema.

12. Nasikia sindano au kisu kikigusa saratani, inasambaa. Ni kweli?

Si kweli. Najua ilikotoka habari hii: mtu alikaa na uvimbe miaka miwili, akaenda ukiwa umeshasambaa, akachomwa sindano, akafa baada ya miezi michache. Mtaa mzima uliona sindano, hakuna aliyeiona ile miaka miwili.

13. Daktari kaniambia ni homoni, nikapewa dawa za maumivu. Uvimbe bado upo.

Rudi. Shangazi yangu aliambiwa hivyohivyo katika kliniki moja, bila picha wala kinyama, akakaa miezi minane akiamini. Uvimbe unaobaki hedhi ikishapita unahitaji picha, hata kama aliyekuambia "si kitu" ni bingwa. Sema wazi: "Naomba barua ya kupigwa picha." Huna haja ya kugombana. Ukikataliwa, nenda kwa mwingine.

14. Pesa je?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Jisajili kwa *147# ukiwa mzima. Huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wake kwa aliyesajiliwa, kwa hiyo kupapaswa na muuguzi kusikuogopeshe. Matibabu ya saratani yenyewe yanataka michango iwe imelipwa, na kwa asiye na mwajiri ni mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Nimeona familia ikikimbizana kuchanga siku ya kulazwa. Ofisi ya SHA ya hospitali itakwambia kiwango kilichobaki kwa nyumba yako; uliza kabla ya dozi ya kwanza.

## Aibu, dini na mume

15. Daktari ni mwanamume. Siwezi kumvulia.

Huna lazima ya kumvulia yeye kwanza. Wauguzi wengi wa zahanati zetu ni wanawake, na una haki ya kumwomba mmoja akupapase, au akae chumbani daktari akiwepo. Unaweza kwenda na dada yako. Jifunike leso, ufunue upande mmoja tu kwa wakati. Masheikh nimewasikia wakieleza mara nyingi kwamba haja ya tiba ina ruhusa yake, na wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Kupapaswa na mhudumu aliyefunzwa si jambo dogo pia. Mumbai walifuatilia wanawake 151,538 kwa miaka 20. Nusu walikuwa wakipapaswa na wahudumu wa afya wa kawaida kila miaka miwili. Saratani zao zilipatikana mapema zaidi, na kwa waliokuwa na miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Wahudumu wale hawakuwa madaktari.

16. Kujipapasa kunafunguza saumu?

Hapana. Na miadi ya hospitali usiisogeze hadi baada ya Idi. Kama ni siku ya sindano na una wasiwasi, muulize sheikh wako mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

17. Mume wangu ndiye aliyeugundua. Naona haya kusema.

Usione. Wengi hugunduliwa hivyo. Yeye pia aje hospitali, maana baadaye ndiye atakayeulizwa na ukoo kwa nini titi limekatwa, na ni vizuri awe amesikia kwa masikio yake.

## Hali za pekee

18. Nanyonyesha. Nitajuaje?

Jichunguze mtoto akishanyonya, titi likiwa tupu. Mafundo ya maziwa huja na kuondoka. Jipu la titi huuma, huleta homa, na hupungua kwa dawa. Likikataa kupona baada ya wiki mbili za dawa sahihi, omba picha, kwa sababu iko saratani inayojifanya jipu. Altrasaundi haimdhuru mtoto. Kunyonyesha kwenyewe hupunguza hatari: kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, hatari hushuka kwa asilimia 4 hivi. Hupunguza, haifuti.

19. Mama yangu alikuwa nayo. Nami nitapata?

Si lazima. Saratani za kurithi waziwazi ni kama 5 hadi 10 kwa kila 100. Lakini mwambie daktari, hasa kama mama, dada au khalati alipatwa kabla ya miaka 50, au kama kuna saratani ya ovari kwenye ukoo. Utaanzishiwa vipimo mapema kuliko wenzako. Upande wa baba huhesabika pia; watu husahau.

20. Wanaume wanapata?

Wanapata, ni kama mmoja kwa kila wagonjwa mia. Kwa mwanamume uvimbe hukaa nyuma ya chuchu, na huchelewa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mengine ni kama swali la 6.

21. Nimekatwa titi moja. Nichunguze nini?

Titi lililobaki kama swali la 5. Upande wa kovu, pitisha vidole juu ya kovu lote na kwapani, ukitafuta kijinundu kipya au ngozi iliyobadilika rangi. Mkono wa upande huo ukianza kuvimba, usingoje miadi.

22. Sidiria ya chuma, simu kifuani, marashi ya kwapa?

Hakuna ushahidi kwamba vinaleta saratani. Simu kifuani itakuletea jasho, na wezi wa matatu.

23. Naweza kutumia miti shamba kwanza?

Muuzaji wa dawa za kienyeji Mwembe Tayari hana kipimo cha kujua uvimbe ni wa nini, na ukipungua kwa dawa yake maana yake huenda haukuwa saratani. Kinyama kwanza. Ukitaka kunywa kitu pembeni, mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hugombana na dawa za saratani.

24. Mamangu ana uvimbe, ananikatalia kwenda.

Usianze na neno saratani. Mwambie unataka akapimwe presha na hilo "jipu" liangaliwe kwa safari moja. Mtafute anayemsikiliza. Mara nyingi si wewe mwanawe. Ni shoga yake wa chama, au mwanamke wa mtaa aliyetibiwa akapona. Huyo wa mwisho ana nguvu kuliko daktari yeyote. Muulize mama anachoogopa hasa, maana wengine hawaogopi kufa, wanaogopa kuuza shamba la watoto.

Kisha panga siku, ulipe tuktuk, umchukue. Kama anakaa Likoni, vukeni na feri ya asubuhi mapema kabla foleni ya kliniki haijajaa, na mbebee maji na kadi ya SHA.